Timbo letu: tulipofikia na kazi ya kurudisha msitu kwenye shimo la mawe

Januari, kaskazi imekaza

Haya jamani, kila nikikutana na mtu sokoni naulizwa timbo limefika wapi, na kueleza mmoja mmoja nimechoka, kwa hivyo nitakuwa naandika humu kidogo kidogo, mwenye kutaka asome.

Kwa ambao hamlijui, timbo lenyewe liko huku Kilifi kusini, kati ya barabara ya Mombasa-Malindi na bahari. Ni shimo la mawe ya kukata, yale mabloki meupe ya matumbawe ambayo nyumba nyingi za pwani zimejengwa nayo. Wazee walianza na mtaimbo na shoka, baadaye ikaja mashine ya msumeno, mtu akitoka kazini utadhani ametoka ndani ya gunia la unga, na jiwe zuri lilipoisha wenye mashine wakahama wakaacha shimo. Shimo likawa jaa. Nepi, chupa, viatu vya mguu mmoja, mizoga ya mbuzi, kila kitu ambacho mtu hataki kukiona kwake alikileta hapa usiku.

Mwenye shamba ametuandikia karatasi kikundi tulisimamie, tumesaini mbele ya chifu, basi saa hizi ni letu kwa maana ya kazi. Wiki za mwanzo tumezoa taka tu. Tuktuk ya taka ikitoka, nyingine inapakia.

Sasa sakafu. Sakafu ya timbo ni nyeupe pe, saa saba mchana huwezi kuitazama bila kukunja uso, na joto linatoka juu na linatoka chini. Udongo hakuna kabisa, ule wa juu ulitolewa zamani ili jiwe lifikiwe, kilichobaki ni mwamba na unga wa mawe ulioshikana ukawa mgumu mpaka mtaimbo unaruka. Upande wa mashariki walichimba wakagonga maji, kuna kidimbwi, ukionja yana chumvi, si ya bahari kabisa lakini mchicha hauyataki. Hapo ndipo watoto wanakuja kuogelea wazazi wakidhani wako madrasa. Hilo la watoto linaninyima usingizi kuliko mambo ya miti.

Mkutano wa kwanza kila mtu alikuja na mti wake kichwani. Mmoja anataka miembe, mwingine mikorosho, mwingine anasema panda mwarobaini mti usiokufa. Mimi nilisema msimamo wangu na nitaurudia mpaka mnichoke: kazi yetu ya kwanza ni udongo, na mti wowote tutakaoanza nao tuuchague kwa sababu unatutengenezea udongo, matunda na vivuli na mbao yatakuja na zamu yake. Wengine walinuna. Sawa tu.

Februari, safari ya Bamburi

Tulikwenda Haller Park, pale Bamburi njia ya kwenda Mtwapa. Nusu ya kikundi walishawahi kwenda kwa safari za shule kulisha twiga, ila hakuna aliyewahi kwenda akauliza chini ya miguu yake kuna nini, na chini ya miguu ndo kulikonipeleka mimi.

Hadithi yenyewe fupi fupi kwa asiyeijua. Kiwanda cha simenti cha Bamburi kilianza kuzalisha 1954, na simenti inataka mawe ya chokaa, basi wakayachimba matumbawe ya kale mpaka karibu na usawa wa maji, wakaacha jangwa jeupe kama hili letu ila lao ni kubwa mara nyingi. Kulikuwa na Mswisi pale anaitwa René Haller, mtu wa kilimo, anasimamia bustani za kiwanda. 1971 akaanza kujaribu kupanda ndani ya machimbo. Alijaribu aina 26 za miti, baada ya miezi kadhaa zilizobaki hai ni tatu tu: mnazi, mdamasi ule wa Somalia, na mvinje. Ishirini na sita, tatu! Niliwasomea watu wa miembe hiyo hesabu, wakanyamaza kwanza.

Mvinje ndo uliochukua kazi. Unavumilia chumvi, unavumilia upepo, na mizizi yake ina vinundu ambavyo ndani yake wanaishi bakteria waitwao Frankia, hao wanachukua naitrojeni ya hewani wanaupa mti, kwa hivyo mti unajilisha mahali ambapo hakuna samadi wala mboji. Na unapukutisha mwaka mzima, zile nyuzi nyuzi nyembamba ambazo watu wanaziita majani (kwa kweli ni vitawi, majani yenyewe ni vile vigamba vidogo kwenye viungo, ukiwa na macho mazuri utaviona).

Sasa hapa ndo patamu. Nyuzi zikaanguka zikajaa, na hazikuoza. Zina tanini nyingi, ile kitu kali iliyo kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yanatumika kutengenezea ngozi, bakteria hawaiwezi moja kwa moja. Zulia juu, jiwe chini, udongo hakuna. Kisha Haller akamwona jongoo anazila. Jongoo wetu huyu huyu mweusi mwenye miguu mekundu ambaye mvua ikinyesha anapanda mpaka ukuta wa choo! Akaagiza wakusanywe wakamwagwe ndani ya msitu, wao wakala nyuzi, wakatoa kinyesi, kinyesi ndo bakteria wakakiweza, na hapo ndo udongo ukaanza kujengeka. Mengine yote mnayoyajua, viboko, pofu, choroa, kobe, samaki, yamekaa juu ya kinyesi cha jongoo, samahani kwa anayesoma anakula.

Nilichuchumaa chini ya mivinje ya zamani nikachimbua kwa vidole. Juu nyuzi kavu za kahawia, chini yake zimelainika nusu nusu, chini yake tena udongo mweusi kabisa unanuka mvua, halafu kwa ghafla kucha inagonga jiwe jeupe. Msitu mzima umesimama juu ya kitu ambacho miaka ya sitini hakikuwepo. Na mivinje si mingi kama ilivyokuwa, walikuwa wanaipunguza na kuingiza miti ya asili katikati, ndege na popo nao wakaleta yao.

Vijana wao walitaka Owen na Mzee. Owen yule mtoto wa kiboko alookolewa baharini Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa akamganda kobe wa Aldabra, babu wa miaka kama 130, mpaka dunia nzima ikaandika. Nikawaambia haya nendeni mkapige picha, ila mjue kobe alikuwa na pa kukaa kwa sababu kuna mtu aliwaza jongoo miaka thelathini kabla.

Jambo moja nalisema wazi, kule kulikuwa na kiwanda nyuma yake, mishahara, magari, mabomba. Walifungulia watu 1984, yani zaidi ya mwaka wa kumi wa kazi. Sisi tuna michango ya kikundi na mkokoteni. Kwa hivyo mtu asije kuniuliza twiga.

Machi, kitalu

Mbegu tumezitoa kwenye mivinje ya ufukweni. Vile vitunda vyake vidogo vya miiba miiba ukivianika juani vinafunguka, zinatoka mbegu nyepesi zenye kibawa, ukipiga chafya umepoteza mbegu za wiki. Na adui mkubwa si kuku, ni sisimizi, wanabeba mbegu moja moja usiku kucha mpaka sanduku linabaki mchanga. Tumeinua masanduku juu ya meza, kila mguu wa meza umekaa ndani ya kopo la maji na mafuta machafu ya gari. Sisimizi sasa wanakuja mpaka ukingoni wanarudi.

Udongo wa kujaza viriba tumechanganya na udongo uliochotwa chini ya mivinje mikubwa. Watu waliuliza kwani udongo wa kwetu una kasoro gani. Hauna kasoro, ila hao Frankia hawapo kila mahali, ukipanda mche bila wao kwenye jiwe unaupeleka kufa. Mche wa mtihani niliung'oa mbele ya wote tukauosha mizizi kwenye karai, na vinundu vikaonekana, vidogo vya kahawia vimeshikana kama shada. Mama mmoja akasema kumbe mti una chama chake chini kwa chini. Ndo hivyo.

Mei, masika

Mashimo tumechimba kabla ya mvua na hii ndo kazi ya kuvunja mgongo, kijana mmoja mwenye nguvu zake asubuhi nzima anatoa mashimo ya kuhesabika vidoleni. Ndani tunatanguliza makumbi ya nazi yaliyolowekwa, yanashika maji, halafu samadi iliyokauka na udongo mwekundu kidogo, halafu mche. Makumbi ni wazo la wazee wa hapa, Bamburi hawakutufundisha.

Mvua ilipochanganya tukapanda. Sina cha kusimulia sana, matope, vikombe vya chai ya tangawizi, watu wengi kuliko tulivyotarajia.

Wakaja na wageni. Taasisi moja, jina nitaliweka kiporo, ilifika na magari na fulana mpya na miche ya mipapai na mingine ya mauani, wakapanda upande wa lango kwa nusu saa, picha, hotuba, picha, wakaondoka. Mingine waliifukia na kiriba chake, plastiki haijatolewa. Sikatai msaada, naomba tu mwenye kutaka kusaidia timbo alete samadi. Najua samadi haipendezi kwenye picha.

Julai, kusi

Mipapai imekufa yote. Mivinje michache imekauka kwenye kona ya joto, tutajazia. Mengine sina.

Septemba, bwawa

Malalamiko ya mbu yalifika kwa mzee wa mtaa, kwamba tumewafugia watu malaria. Kidimbwi kilikuwepo kabla yetu lakini sasa kina mwenyewe wa kulaumiwa, si unajua. Tumeweka tilapia, perege kwa wanaosoma kutoka Tanzania. Wanavumilia chumvi ya kiasi hiki na viluwiluwi vya mbu wanavila vizuri, tumewatoa kwa mfugaji jirani ambaye maji yake pia ni ya kisima cha chumvi ili wasishtuke. Bamburi nao samaki waliwaanza mapema, wao wakafikia kufuga kwa biashara.

La watoto: tumezungushia upande wenye kina kwa makuti na matawi ya miba, na upande wa chini tumeacha ngazi ya mawe ili anayeteleza apate pa kutokea. Na nimekwenda mwenyewe kwa ustadh na kwa mwalimu mkuu, na wote wawili wamesema na watoto. Ukuta wa kweli utakuja pesa ikija.

Mdiria, yule ndege mla samaki, amefika. Hajaitwa na mtu, amekaa kwenye nguzo ya makuti anatazama samaki wetu kwa jicho la mwenye nyumba. Mvuvi mmoja anataka tumfukuze. Nimekataa, samaki wa bwawa hili wakizidi wanadumaa, acha ale.

Mwaka wa pili, Aprili

Mivinje imenipita kimo. Ile ya pembeni ya bwawa imepita hata mlango wa nyumba. Chini kumeanza kuwa na zulia, jembamba, ukilisogeza unaona jiwe, lakini mchana sasa unaweza kusimama pale katikati bila kukimbia.

Kwenye ukuta wa kaskazini, juu kwenye ufa ambao hakuna binadamu angefika, umeota mkuyu. Ndege kala tunda mahali, akaja akanya hapa. Mizizi inateremka kwenye ukuta imeshika jiwe, na ndo mti ulio na afya kuliko yote tuliyoibembeleza kwa samadi. Mimi ningesema tuuweke kwenye bajeti ya mishahara.

Mwaka wa pili, Novemba, vuli: jongoo

Haya, siku niliyoingoja. Utani wa jongoo na mtungi mnaujua wenyewe, vijana wameusema wote wameumaliza, tuendelee.

Kwanza kulikuwa na mjadala watoke wapi. Mtu mmoja akasema kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, humo ndo wamejaa. Tukaenda kwa adabu kumwuliza mzee mmoja wa kaya, na hakuchukua muda, akasema cha kaya hakitoki kaya, ukuni hautoki, jani halitoki, na huyo mdudu hatoki. Tukashukuru tukaondoka. Na nadhani ndo sababu ile misitu ya kaya za Mijikenda bado ipo mpaka UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2008, wakati pembeni yake pote pamekatwa.

Basi tumewatoa chini ya mikorosho na miembe kwenye mashamba yetu wenyewe, alfajiri baada ya mvua, kwenye ndoo zenye majani. Watu wazima waliona kinyaa, yule anatoa maji ya kahawia yanayonuka na kupaka vidole rangi, watoto ndo walifanya kazi. Sisi tumelelewa na msemo wa kutupa jongoo na mti wake, sasa mtu anatembea kijijini na ndoo anauliza mama shikamoo una jongoo? Majirani wanatuangalia kwa jicho la huruma.

Tumewamwaga jioni, kwenye sehemu zenye kivuli na zulia nene tu, maana kwenye jiwe tupu saa nne asubuhi wangekaangika. Nilibaki na tochi. Kwanza wote wamejikunja, vidude vyeusi vimetulia. Baadaye mmoja akajifungua, akapapasa kwa pembe zake, akashika uzi mmoja wa mvinje kwa ncha akaanza kuutafuna kuelekea kati, polepole sana, na ukitega sikio kweli unasikia. Asubuhi kulikuwa na kinyesi, vipunje vidogo vya mviringo, ukivifinya vinavunjika na ndani unaona vipande vya nyuzi vimesagika. Nimeweka vingine kwenye kopo la kioo pale kitaluni, anayetaka kuona udongo unavyoanza aje aangalie.

Mwaka wa tatu, Agosti: ugomvi wa nguzo

Nilijua utakuja. Mivinje sasa ni nguzo, na nguzo ya mvinje pwani ni pesa, kila anayejenga banda au kibanda cha utalii anaitafuta. Mnunuzi amekuja na hela mkononi anataka upande mzima wa magharibi. Kikundi kikagawanyika nusu kwa nusu. Upande mmoja wanasema tumehenya miaka hii yote kwa uji, mlinzi hajalipwa, tukate. Upande wa pili wanasema tukikata tumerudi jaa.

Mimi nilisema hivi. Mvinje huu wa pwani ukiukata shina halichipui vizuri, si mkaratusi, ukiukata umeuondoa. Kwa hivyo kukata upande mzima hapana, jua litarudi kwenye jiwe, jongoo watakufa, na zulia litapeperuka na kusi. Lakini kuacha yote pia si sawa, imebanana na haipitishi mwanga, hakuna mti mwingine utakaoota chini yake. Na hata kule Bamburi mvinje ulikuwa kibarua wa mwanzo tu, wenye msitu walitakiwa wawe wengine. Tukate kwa kuchagua, iliyobanwa na iliyopinda, kila panapotoka mvinje mmoja uingie mche wa asili wiki hiyo hiyo, na vilele na nyuzi zote zibaki chini, mnunuzi achukue nguzo peke yake.

Kura ikapita kwa shida. Mnunuzi amepunguza bei kwa sababu ya kuchaguliwa, kama kawaida yao, lakini mlinzi amelipwa malimbikizo na imebaki ya waya wa bwawa. Waliokuwa wanataka kukata yote bado wamenuna na mmoja wao ndo ana msumeno wa kikundi, kwa hivyo kazi imeanza kwa kuchelewa. Miche iliyoingia ni mbambakofi, mvule na mikwaju, na mtondoo upande wa bahari. Mwarobaini nimeupinga tena, kwa wanaouliza, kwa sababu huo hauingii msituni kama mgeni, unaingia na kumiliki, angalia vichaka vya barabarani.

Kipimo cha wiki hii: pale tulipomwaga jongoo wa kwanza nimechimbua tena. Nyuzi, halafu tabaka jeusi, halafu jiwe. Tabaka jeusi bado halijafikia upana wa kidole. Kwa mwenye haraka hiyo ni habari mbaya. Mimi nimelipima kwa rula na nimeandika kwenye daftari la kitalu, tutapima tena masika.

Yaliyobaki kabla ya vuli: mashimo ya upande wa lango pale ilipokufa mipapai, kuvusha makumbi kutoka kwa mama wa mafuta ya nazi (anatupa bure, ila mkokoteni una pancha), na ndoo za jongoo awamu ya pili. Ndoo ziwe na mfuniko uliotobolewa. Na safari hii watoto hawalipwi kwa idadi, mwaka ule walipolipwa kwa idadi walituletea na tandu, na mkono wa mwekahazina ulivimba mpaka Ijumaa.